Upepo wa Mtungi katika Kinu cha Ruangwa

Bwana Ratansi aliniuliza mara moja tu, tena kwa upole, na mimi nikakubali kabla hajamaliza chai yake. Tulikuwa tumekaa katika ofisi yake pale kinuni Ruangwa, chumba kidogo kilichonuka mashudu na ubani, na nje wakulima walikuwa wakipanga magunia ya ufuta kwenye kivuli cha ukuta. "Ule upepo wa mtungi uliousema," aliniambia, "unaweza kuutia kwenye tanuru letu? Lakini kama kuna hatari, niambie. Ukisema hapana nitakusikia, wala sitakasirika." Nimeishi na maneno hayo maisha yangu yote. Mtu aliyelazimishwa ana pa kujificha. Mimi sikulazimishwa. Bwana mwenyewe alinisubiri, kikombe mkononi, na mimi nikajibu, "Hakuna hatari yoyote, Bwana. Kazi hiyo naijua."

Mwezi uliopita binti wa rafiki yangu Issa wa kinuni alinipigia simu kutoka Mandawa. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake, ila alivyosema "Shikamoo, baba Anselmo" nikamjua ni mtoto wa nani, kwa ule utulivu wa kukaa kidogo kabla ya neno la pili. "Baba ametutoka," alisema. "Tulimzika Ijumaa. Aliacha neno kwamba ukipatikana uambiwe." Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa mwepesi, na mwaka ule wa Ruangwa umerudi wote, si kwa mpangilio, bali kwa vipande: ladha ya viazi vya porini tuviitavyo ming'oko, mlio wa mkanda wa kinu, kopo lililoning'inia kwenye msumari. Nitaeleza kama nilivyoona. Wazazi wangu na utoto wangu naviacha, havina hatia katika jambo hili.

Kinu chetu kilikamua ufuta, na injini yake haikunywa dizeli wala petroli. Ilikula gesi ya mkaa. Nje ya ukuta wa nyuma lilisimama tanuru la chuma, refu kuliko mtu, na kazi ya Issa ilikuwa kulijaza mkaa kwa juu na kulitunza. Injini ilipovuta pumzi, hewa iliingia chini ya tanuru pamoja na mvuke wa maji, ikapita katikati ya makaa mekundu, na kwa kuwa haikutosha kuyachoma yote sawasawa, kilichotoka upande wa pili hakikuwa moshi wa kawaida bali gesi inayoweza kuwaka. Gesi hiyo ilipozwa, ikachujwa ndani ya pipa lenye maranda ya mbao, kisha ikaingia kwenye injini kama mafuta. Mtu akiivuta alilewa na kuumwa kichwa, na wafanyakazi wote walijua kwamba ukisikia kichwa kizito karibu na tanuru unatoka nje bila kuuliza. Ulikuwa mtambo mzuri. Mkaa ulipatikana porini, wakati dizeli ilifika kutoka Lindi kwa kubahatisha.

Taabu ilianza pale Bwana Ratansi alipoleta kinu kipya, kikubwa zaidi, ili apate kumaliza ufuta wa Mandawa na Chiola katika msimu mmoja. Injini haikukiweza. Kilizunguka vizuri kikiwa kitupu, lakini ufuta ulipokaza, injini ilikohoa, ikapunguza mwendo, ikafa. Wanawake waliosubiri na vibuyu vyao wakacheka mara ya kwanza, mara ya pili wakanung'unika. Injini ya dizeli ilikwisha kuagizwa, lakini haikujulikana itafika lini, na Bwana alikwisha kutuambia wazi kwamba ufuta ule usipokamuliwa atafunga Ruangwa na kuhamishia kila kitu Lindi kwa ndugu yake. "Kinu kikienda Lindi," Issa aliniambia, "mimi narudi kwenye jembe, na mchumba wangu anarudi kwao." Alisema akicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika mlango wa tanuru kama mtu anayemshika ng'ombe asiuzwe.

Nilipanga kwa mama yake, Bi. Somoe. Nasema nilipanga, lakini hakuna siku alinikubalia kwamba mimi ni mpangaji. Chumba changu kilikuwa cha mbele, chenye kitanda cha kamba na dirisha dogo linaloangalia jikoni, na ukuta uliotutenganisha haukufika juu, kwa hiyo kila neno lililosemwa upande wa pili lilinijia kitandani. Mimi nilikuwa Mkristo wa misheni, wao Waislamu wa tangu zamani, na wiki ya kwanza nilimsikia jirani akimuuliza kama haoni taabu kumpikia mtoto wa mapadri. "Taabu ipi?" Bi. Somoe alijibu. "Anakula kisamvu kama sisi, anaumwa tumbo kama sisi. Akisali ananyamaza, kuliko huyu wangu anayesali huku anauliza ugali umeiva." Issa akaguna kutoka uani, "Mama, nimesikia," naye akasema, "Ndiyo nilitaka usikie." Nililala nikitabasamu gizani.

Issa aliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari, na hakuwahi kuniacha nisahau. Nikichelewa kuamka: "Mwalimu leo kapewa likizo." Nikimwaga togwa: "Mwalimu, hilo somo la ngapi?" Lakini nyuma yangu hali ilikuwa nyingine. Jioni moja nilikuwa kitandani na homa, na wenzake wa kinuni walikuja kumtembelea, wakaanza kunisema, kwamba najitia kujua. Nikamsikia Issa, bila utani wowote: "Huyo hakosei. Akisema kitu kitakuwa, kitakuwa. Na ni ndugu yangu, mkamsemee mbali." Watu wakabadili mazungumzo. Siku zile niliona fahari. Sasa nikikumbuka sentensi ile, "huyo hakosei," natamani ukuta ungefika juu.

Nilikuwa na wazo, na nitalieleza kama nilivyolieleza jikoni kwa Bi. Somoe asubuhi alipokuwa akikoroga uji wa mtama. Shuleni tulifundishwa kwamba katika hewa tunayovuta, sehemu moja tu kati ya tano ndiyo inayowasha moto, yaani oksijeni. Karibu yote iliyobaki hupita tu, haiwaki wala haiwashi. Kwa hiyo gesi yetu ya mkaa ilitoka tanuruni ikiwa imechanganyika na hewa nyingi isiyo na kazi. "Mama," nikamwambia, "ukitia maji mengi, unga ni ule ule, lakini mnywaji hashibi. Injini yetu inakunywa uji mwepesi. Mimi nikiongeza oksijeni kwenye ile hewa inayoingia, ni kama kupunguza maji. Gesi itakuwa nzito, injini itashiba." Bi. Somoe akaendelea kukoroga. "Na uji ukiwa mzito unaungua chini," alisema. "Itabidi usikae mbali na chungu." Issa akapiga makofi: "Mama naye apewe cheti." Tukacheka wote watatu, na mimi nikanywa bakuli mbili.

Oksijeni niliijua kwa sababu kabla ya Ruangwa nilikuwa msaidizi wa mchomeleaji katika karakana moja Nachingwea. Miaka ile Nachingwea ilikuwa inakunjwa kama mkeka baada ya karamu. Mashamba makubwa ya karanga yalikuwa yamepunguzwa, matrekta yamepangwa mistari yakiota kutu, na vitu vingi vya karakana vilikuwa vikiuzwa kwa yeyote mwenye lori. Bwana Ratansi alinipa lori lake nikaenda kuchukua mitungi. Aliyekuwa akiisimamia alikuwa fundi wangu wa zamani, Lukas, mtu mfupi, mkali wa macho, ambaye kila alipotaka kufungua mtungi wa oksijeni alinawa mikono kwa jivu na sabuni hadi viwikoni. Zamani nilikuwa nikimtania, "Fundi, kuna pilau?" Naye hujibu kwamba mafuta hata kidogo kwenye koki ya mtungi ule, ukifungua upepo ukatoka kwa nguvu, yanawaka yenyewe, bila kiberiti, na kinachowaka baada ya hapo ni chuma na wewe.

Siku ile alinisaidia kupakia bila maneno mengi. Tulipokuwa tunafunga kamba akauliza mitungi inakwenda kufanya nini, nikamweleza habari ya tanuru na gesi. Akatikisa kichwa kwa kuvutiwa. "Sijawahi kusikia, lakini akili ipo. Ongezeni na mvuke, la sivyo wavu wa chuma chini ya mkaa utayeyuka. Kinu chenyewe ni cha nini? Mahindi?"

"Ufuta."

Akaachia kamba. "Anselmo. Kinu cha mafuta?"

"Mitungi nitaiweka nje, fundi. Mbali na kinu."

"Mitungi utaiweka nje. Na mikono ya watu utaiweka wapi?"

Nikamwambia nitawaeleza wote. Akanifanya nirudie, kama mtoto anayetumwa dukani: nitawaeleza wote, mmoja mmoja, na sababu yake. Nikarudia, nikapanda lori. Njia nzima nilikuwa nikiwaza namna koki itakavyofunguliwa mbele ya Bwana.

Na mtu asiyejua kinu chetu hawezi kuelewa uzito wa swali la Lukas. Pale mafuta ya ufuta yalikuwa dawa ya kila kitu. Mlango ukilia, ufuta. Nati ikikaza, ufuta. Kisigino kikipasuka, mtoto akikohoa, panga likishika kutu, ufuta. Nguo zetu zilikuwa na mafuta, sakafu ilikuwa na mafuta, hata kuta ukizigusa vidole vilirudi viking'aa. Kwenye ukuta wa tanuru palikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia kopo la mafuta lenye kipande cha kitambaa. Mkono wa Issa ulilijua kopo lile bila yeye kutazama. Kitu kikikataa kufunguka, Issa alinyoosha mkono nyuma, akapaka, akasubiri kidogo, akafungua. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kufanya vingine.

Mtambo wangu ulifanya kazi. Lazima niseme hilo pia, kwa sababu ni kweli. Nilipitisha bomba jembamba kutoka mtungini hadi kwenye mdomo wa hewa chini ya tanuru, na juu ya mtungi nikafunga ile saa, kifaa chenye mshale cha kupima na kupunguza nguvu ya upepo. Hatukuutumia kutwa, maana mitungi isingetosha, ila pale tu ufuta ulipokaza na injini kuanza kukohoa. Kabla yake, ukiwasha gesi kwenye kibomba cha kujaribia, mwali ulikuwa mdhaifu, unayumbayumba. Nilipofungua koki kidogo, mwali ulinyooka, ukawa wa buluu na wenye nguvu. Injini ikabadili sauti. Kinu kikubwa kikapita pale kilipokuwa kikifia, na mafuta yakaanza kutiririka kwenye karai, yenye rangi ya dhahabu. Wanawake wakapiga vigelegele. Issa akanibeba begani akanizungusha mpaka nikaomba nishushwe. Siku chache za mwanzo majivu yaliyeyuka kwa joto na kugandamana kama mawe, tukajifunza pamoja, yeye na mimi, kuongeza maji ya mvuke kila tunapoongeza upepo. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Angeelewa na lile lingine, kama ningemwambia.

Sikumwambia. Nimejiuliza sababu mara nyingi, na sababu ni mbili, zote ndogo. Kwanza, niliogopa kwamba Bwana Ratansi akisikia neno kulipuka, atasema basi. Pili, nilitaka kile kitu kiwe changu. Kila kitu kingine pale kinuni Issa alikijua kuliko mimi. Kwa hiyo niliwakusanya watu nikasema tu, kwa sauti ya mkubwa, "Mtungi huu asiuguse mtu ila mimi."

"Nikiugusa nitageuka nyani?" Issa akauliza, watu wakacheka.

"Utaharibu saa yake. Ni kitu cha gharama."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Utaharibu saa yake.

Siku yenyewe walikuja wageni kutoka Lindi, wafanyabiashara wenzake Bwana Ratansi, kuona kinu kinachokula upepo wa mtungi. Baada ya kuwaonyesha, Bwana alitaka ninywe nao chai ofisini, niwaeleze ile habari ya sehemu moja kati ya tano. Nilikuwa nimevaa shati jeupe alilonifulia Bi. Somoe. Ilikuwa karibu na adhuhuri, ufuta umejaa kinuni, na nikiwa katikati ya maelezo nikasikia injini inakohoa. Nilikuwa nimeacha koki wazi, nikajua mtungi umekwisha. Ningeweza kuinuka. Lakini mgeni mmoja alikuwa ameniuliza swali zuri, na nilitaka kulijibu.

Nje Issa naye alisikia. Wenzake walinisimulia baadaye alivyosema: "Isizime mbele ya wageni. Mwalimu ataaibika." Alikuwa ameniona nikibadilisha mitungi mara nyingi. Alifungua saa kwa uangalifu mkubwa, akaihamishia kwenye mtungi mpya kama mtu anayebeba yai, kwa sababu nilimwambia ni ya gharama. Nati ikakaza. Mkono wake ukaenda nyuma kwenye msumari. Akapaka, akasubiri kidogo, akainama kuangalia, akafungua koki.

Ofisini tulisikia sauti kama ya khanga kubwa inayopasuliwa kwa nguvu, halafu ukelele. Nilipofika, moto ulikuwa umemshika kifuani na usoni, na nguo zile zenye mafuta zilikuwa zikiwaka kwa namna ambayo maji hayakuipunguza, mpaka nilipokumbuka maneno ya Lukas, nikafunga koki kwa mkono wangu uliofungwa gunia. Kinu kiliendelea kuzunguka muda kidogo, kikitoa mafuta, kabla hakijasimama.

Lori lile lile lilimpeleka hospitali ya Nachingwea. Njiani Bwana Ratansi alikaa nyuma pamoja nasi, kwenye vumbi, ameshika miguu ya Issa, akilia waziwazi. "Anselmo, imekuwaje?" aliniuliza. Nikasema, "Aligusa mtungi, Bwana. Nilikuwa nimemkataza." Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli.

Madaktari waliokoa maisha yake na mikono yake. Macho hayakuokoka. Nilipoingia wodini, kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji chote, mdomo tu unaonekana, na Bi. Somoe amekaa sakafuni ubavuni mwa kitanda. "Ni nani?" Issa akauliza. Nikasema ni mimi. Akanyamaza kidogo, kama kawaida yake. "Mwalimu, nimekuharibia saa. Ulinikataza, na mimi sikusikia. Nisamehe."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na wageni, hapakuwa na Bwana. Maneno yalikuwa machache tu. Nikasema, "Yamekwisha, Issa. Nimekusamehe." Bi. Somoe akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaubusu. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Wengine wangekasirika."

Bwana Ratansi alifunga kinu kabla ya mvua akahamia Lindi, ufuta wa watu ukabaki kwenye magunia. Mchumba wa Issa hakurudi kwao. Aliolewa naye hivyo hivyo, na watoto wakapatikana. Mimi nilipata kazi Tanga kwa maneno mazuri aliyoniandikia Bwana. Kila mwaka nilisema nitakwenda Ruangwa. Nilipopata habari kwamba Bi. Somoe amefariki, nilikuwa na nafasi na nauli, na sikwenda. Nilijua angekuwepo mtu wa kuniambia jinsi marehemu alivyokuwa akinitaja kwa wema.

Safari hii nilikwenda. Issa alikuwa amehamia Mandawa kwa binti yake, kwenye mikorosho, na binti huyo alinionyesha kigoda alichokuwa akikalia akibangua korosho kwa kupapasa. "Alitusimulia habari zako tangu tukiwa wadogo," aliniambia. "Akituona tumegombana anasema, mimi nilimharibia rafiki yangu kitu cha thamani, naye akanisamehe siku ile ile. Basi na nyinyi sameheaneni."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, ya Lukas, ya mafuta, ya saa. Alisikiliza akiwa ameegemea nguzo ya mlango. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Baba alijua?"

"Hapana."

Alitazama kile kigoda muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na birika la maji na beseni, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari na mimi nilikuwa mgeni. Akanimiminia maji, nikanawa, nikala ming'oko kwa adabu, peke yangu, barazani. Hakuniita baba tena. Asubuhi aliniaga kwa jina langu.

Lile neno nililomjibu Bwana Ratansi kabla hajamaliza chai lilichukua macho ya Issa. Mimi liliniachia macho, na kazi, na pensheni ninayokula sasa. Kilichonitoka ni nyumba ile ya Ruangwa: sikuketi tena jikoni kwa Bi. Somoe, sikumzika, sikuwa arusini kwa Issa wala mazikoni kwake, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kunisamehe amekufa akiamini kwamba mkosaji alikuwa yeye.